Soseji za Asubuhi kwa Nyama ya Mbuzi: Mafuta, Baridi, Chumvi na Moto

Ndugu wakulima, na hasa ninyi akina mama mnaoangalia mambo ya jikoni, somo letu la mwezi huu ni jinsi ya kutengeneza soseji za kifungua kinywa nyumbani. Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la anasa. Ni jambo la fedha. Katika skimu zetu nyingi utawaona mbuzi na kondoo malishoni, na huku mezani utaona soseji zilizonunuliwa dukani. Mbuzi mzee huuzwa kwa dalali kwa bei ya kutupa, kisha fedha ile ile hurudi mjini kununua nyama iliyosagwa na mtu mwingine. Basi leo tujifunze kuisaga wenyewe.

Nawaomba myashike mambo manne tu: mafuta, baridi, chumvi na moto. Atakayeyashika manne haya atafaulu. Atakayeacha moja, atapoteza nyama yake, au atawaumiza watu wa nyumbani mwake.

UFUNDI HUU ULIKOTOKA

Soseji ya namna hii ni chakula cha asubuhi cha siku nyingi huko Marekani. Huko, majira ya majani kupukutika, watu wenye leseni huwinda kulungu wa nchi yao katika siku zilizowekwa na sheria. Nyama ya mnyama huyo haina mafuta ndani yake. Ikisagwa peke yake hukauka kikaangoni na kuvunjikavunjika. Tena mafuta machache aliyo nayo hayapendezi kinywani, kwa kuwa huganda kama nta ya mshumaa. Kwa hiyo wale wawindaji huyatoa mafuta hayo, wakatia mafuta ya nguruwe mahali pake, pamoja na chumvi, pilipili manga na majani ya kunukia. Kisha hufinyanga vidonge bapa, visivyotiwa katika utumbo, wakavikaanga na kuvila kwa mayai.

Hapa kwetu mtu asichukue habari hii kuwa ruhusa. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema kwamba hata kuwa na nyama ya mnyama wa porini nyumbani ni kosa. Hapana udhuru wa kusema kwamba swala aliingia katika mahindi yako, au kwamba ulimkuta amegongwa na gari barabarani. Mnyama akiharibu shamba, peleka habari katika ofisi ya KWS iliyo karibu nawe, nao watakueleza utaratibu wa kudai fidia.

Lakini ufundi hauna marufuku. Mbuzi wetu anafanana na yule kulungu kwa jambo moja kubwa: mafuta yake mengi huyaweka ndani, kuzunguka figo na matumbo, na nyama yenyewe hubaki bila mafuta. Kwa hiyo njia inayomfaa kulungu kule inamfaa mbuzi hapa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki mdhani kwamba mwandishi wenu alizaliwa akijua. Mwaka 2019 nyumbani kwangu tulikuwa na mbuzi jike mzee aliyekuwa amekoma kuzaa. Dalali mmoja alikuja langoni, akamshika mgongoni, akatikisa kichwa, akataja bei iliyonitia aibu. Nikakataa. Jioni nikamwambia mke wangu kwamba tutamchinja wenyewe, na kwamba mimi nitatengeneza soseji, kwa maana nilikuwa nimesoma habari zake.

Nikaichambua nyama kwa bidii nikitoa kila uzi wa mafuta, nikidhani kwamba mafuta ni uchafu. Nikaisaga adhuhuri, jua likiwa utosini. Chumvi nikatia kwa kukisia. Zile soseji zilipoingia kikaangoni zikasinyaa, zikawa kama kokoto. Mtoto wangu wa kwanza akauma moja, akanitazama kwa adabu, akasema, "Baba, hii ni ya kutafuna mpaka lini?" Nyama iliyobaki ilianza kunuka kabla ya jua kuchwa, tukaizika. Hasara ile ndiyo iliyonifanya nijifunze upya kwa mizani na daftari. Haya ninayowaandikia nimeyajaribu mara nyingi tangu siku ile.

MNYAMA ANAYEFAA

Chinja mnyama mzima asiye na ugonjwa. Mbuzi jike mzee, kondoo mzee, au dume lililohasiwa, wote wanafaa. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 akiwa hai hutoa mzoga wa karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 13 hadi 15. Mapaja na mbavu ule au uchome kama ilivyo desturi. Shingo, bega na nyama ya ubavuni, ambazo huwa ngumu, ndizo za kusagwa. Wakati wa kuchuna, mkono ulioshika ngozi usishike nyama kabla ya kuoshwa, kwa sababu harufu ya manyoya hushika nyama upesi.

Sasa sikilizeni neno zito. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kabisa, wala asitiwe katika soseji. Najua jinsi moyo wa mkulima unavyosema anapomkuta mbuzi wake amelala asubuhi: "Angalau nyama isipotee." Lakini mnyama aliyekufa ghafla, ambaye damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, yamkini amekufa kwa kimeta. Kimeta huua watu. Usimpasue, usimchune, usiwape mbwa. Watoto na mifugo wakae mbali, na mwite afisa wa mifugo mara moja. Vilevile, majira ya mvua kubwa na mafuriko, mbuzi na kondoo wakitupa mimba wengi kwa pamoja, jihadharini na Homa ya Bonde la Ufa, iliyoleta vifo vya watu katika Kenya miaka ya 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007. Damu na nyama mbichi ya mnyama mwenye ugonjwa huo ni hatari kwa anayechinja.

Nasisitiza jambo hili katika somo la soseji kwa sababu maalumu. Nyama ya kuchoma huonekana ilivyo. Soseji hufunika. Ikishasagwa na kutiwa viungo, hakuna alaye anayeweza kujua ilikuwa nyama gani. Anayejua ni yule aliyeitengeneza peke yake, na wanaokula ni watoto wake. Basi kitu usichoweza kukila mbele ya mgeni kikiwa kizima, usikitie katika kinu.

Mambo mengine mawili. Ikiwa mnyama alipigwa sindano au kunyweshwa dawa, soma kibandiko cha dawa hiyo, ungoje mpaka siku zilizoandikwa ziishe kabla ya kumchinja. Na ukiona vifuko vya maji katika maini au mapafu, sehemu hizo usiwatupie mbwa. Zichome au zizike kwenye shimo refu, kwa sababu mbwa ndiye anayeurudisha ugonjwa huo kwa watu.

VIPIMO VYA KILO MOJA

Nyama ya mbuzi isiyo na mfupa, gramu 750.
Mafuta, gramu 250.
Chumvi laini, gramu 15, yaani vijiko vya chai viwili na nusu vilivyosawazishwa kwa kisu.
Pilipili manga iliyosagwa, kijiko cha chai kimoja.
Tangawizi ya unga, nusu ya kijiko cha chai.
Kungumanga iliyokunwa, kidogo sana, ncha ya kisu.
Majani mabichi ya rosemari yaliyokatwa laini, kijiko cha chai kimoja.
Maji baridi sana, vijiko vinne vikubwa.

Wamarekani hutumia majani ya mmea mwingine, lakini rosemari inapatikana katika nyua nyingi za kwetu nayo inafaa nyama ya mbuzi. Apendaye pilipili kali na aongeze. Vipimo hivi hutoa karibu vidonge 17 vya gramu 60 kila kimoja.

Swali linaloulizwa sana ni hili: mafuta gani? Mafuta yaliyo kuzunguka figo ya mbuzi ni magumu, huganda haraka na kushika kaakaa, kama yale ya kulungu. Mafuta bora kwetu ni ya mkia wa kondoo, hasa kondoo mwekundu wa Kimaasai, kwa sababu ni laini na yana ladha njema. Asiye na kondoo na anunue mafuta ya kidari cha ng'ombe kwa mwenye bucha. Anayekula nguruwe aweza kutumia mafuta ya mgongo wa nguruwe. Ndugu zetu Waislamu wataona kwamba soseji ya mbuzi na mkia wa kondoo, wanyama wakiwa wamechinjwa kwa halali, haina kitu cha kuwazuia.

KAZI YENYEWE

Kwanza, baridi. Kazi hii ifanywe alfajiri. Wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na Molo wana bahati, kwa maana asubuhi zao ni friji iliyotolewa bure. Wale wa Mwea na wa Mpeketoni wachinje kabla ya mapambazuko na wamalize kazi mapema. Kata nyama na mafuta vipande vyembamba kama kidole. Vitie katika sufuria safi, kisha iweke sufuria hiyo ndani ya beseni la maji baridi ya kisima, na barafu ikiwapo, uifunike kwa kitambaa safi. Mwenye friji aweke vipande humo kwa saa moja au mbili mpaka viwe vigumu kidogo. Sababu ya baridi ni mbili. Mafuta yenye joto huyeyuka mashineni, yakapaka kila mahali, na soseji ikatoka kavu. Tena vijidudu vya kuharibu nyama huzaana upesi mahali penye joto. Nyama isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na katika nchi ya joto kali isizidi saa moja.

Pili, usafi. Osha mikono kwa sabuni. Mashine ya kusagia nyama ifunguliwe, kila kipande kioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha kipozwe katika maji baridi. Asiye na mashine atumie visu viwili vikali na ubao, akakatakata mpaka nyama iwe laini. Itachukua muda, lakini inawezekana, na wengi huona kwamba ina ladha nzuri zaidi. Ubao huo usikatiwe kachumbari kabla ya kuoshwa vizuri.

Tatu, kusaga. Changanya vipande vya nyama na vya mafuta pamoja, unyunyize chumvi na viungo vyote, kisha usage mara moja kwa tundu kubwa. Ukipenda soseji laini, saga mara ya pili.

Nne, kukanda. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Tia maji baridi kidogo kidogo, ukikanda kwa mkono kwa dakika mbili au tatu. Utaona nyama inaanza kunata, nayo ikishikwa haidondoki kiganjani upesi. Chumvi ndiyo inayofanya kazi hiyo: huitoa nguvu ya kushikana iliyo ndani ya nyama. Pasipo chumvi ya kutosha, au pasipo kukanda, vidonge vitavunjika kikaangoni. Lakini usikande mpaka mikono ipashe nyama moto.

Tano, kuonja. Usionje nyama mbichi hata kidogo. Chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko, ukikaange mpaka kiive kabisa, ndipo uonje. Ikipungua chumvi au pilipili, ongeza sasa, kwa maana baadaye hakuna njia.

Sita, kufinyanga. Lowesha mikono kwa maji baridi, fanya vidonge bapa vyenye unene wa sentimita moja na nusu, ubonyeze kidogo katikati ili visivimbe. Hapana haja ya utumbo wala mashine ya kujazia.

KUPIKA

Nyama nzima ina vijidudu upande wa nje, na moto wa kuchoma huviua. Nyama iliyosagwa imechanganywa, kwa hiyo vilivyokuwa nje sasa viko ndani. Ndiyo sababu soseji hailiwi ikiwa mbichi ndani, hata na yule anayependa nyama isiyoiva sana.

Weka kikaango juu ya moto wa wastani. Usitie mafuta mengi, kwa sababu soseji ina yake. Kaanga dakika tano hadi sita kila upande bila kuharakisha. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome katikati ya kidonge: kikionyesha nyuzi 71 za Selsiasi, imeiva. Asiye nacho avunje kidonge kinene kuliko vyote. Katikati pasiwe na wekundu, na maji yanayotoka yawe meupe. Akiwa na shaka, aongeze dakika mbili. Soseji iliyokauka kidogo ni afadhali kuliko mtoto mwenye tumbo la kuendesha.

KUHIFADHI

Katika friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini, soseji mbichi hukaa siku moja au mbili tu. Katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa vizuri miezi mitatu. Tenganisha vidonge kwa karatasi safi kabla ya kuvigandisha, na uviyeyushe ndani ya friji, si juani.

Asiye na friji asitengeneze zaidi ya zile zitakazoliwa siku hiyo. Mtu asidanganywe na neno chumvi. Chumvi ya soseji hii ni ya ladha na ya kushikanisha, haitoshi kuzuia nyama isioze. Nyama inayobaki na ihifadhiwe kwa njia tulizozirithi. Wafugaji wa kaskazini mwa nchi yetu hukata nyama vipande vyembamba, wakaikausha, wakaikaanga na kuihifadhi katika mafuta, nayo ndiyo nyirinyiri. Hiyo ni elimu iliyokomaa, na kila nyama ina njia yake. Njia bora kwa wasio na friji ni majirani watatu au wanne kupokezana: mwezi huu mmoja achinje na kugawa, mwezi ujao mwingine. Hivyo kila nyumba hupata soseji mbichi, na hakuna anayebaki na nyama inayooza.

MTU AKITAKA KUUZA

Yote niliyoyasema ni kwa chakula cha nyumbani. Kuuzia watu ni jambo jingine. Mnyama wa kuuzwa hapana budi achinjwe katika machinjio yenye leseni, nyama ikaguliwe na kupigwa muhuri, na wenye kuishika wawe na vyeti vya afya. Kabla ya kutumia hata shilingi moja kununua mashine kubwa, nendeni kwa afisa wa afya ya jamii wa kaunti mkaulize. Kikundi cha wakulima kitaweza mambo haya kuliko mtu mmoja.

HESABU

Mimi ni karani, na karani hawezi kumaliza somo bila daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika bei aliyokupa dalali. Andika kilo za nyama ulizopata, kilo za soseji zilizotoka, na gharama ya viungo na ya mafuta uliyonunua. Kisha nenda dukani uangalie bei ya kilo moja ya soseji. Mwezi wa kwanza hesabu itakuonyesha kama imefaa kumchinja mbuzi yule au kumwuza. Huenda dalali akaja siku moja na bei nzuri, nawe ukamwuzia. Lakini utamwuzia ukijua thamani ya kilicho chako.

Nyumbani kwangu, mbuzi wa pili alichinjwa mwezi wa Agosti mwaka uliofuata. Yule mtoto aliyeniuliza atatafuna mpaka lini alikula vidonge vitatu, akatazama sahani ya mama yake. Hiyo ndiyo ripoti niliyopewa, nami niliiandika daftarini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mafuta ya figo ya mbuzi hayafai sana katika soseji? Mafuta gani yanafaa?
2. Chumvi hufanya kazi gani wakati wa kukanda?
3. Kwa nini soseji yapasa kuiva mpaka ndani, kuliko kipande cha nyama ya kuchoma?
4. Umemkuta mbuzi amekufa ghafla, na damu inamtoka puani. Utafanya nini, na hutafanya nini?
5. Una kilo 3 za nyama isiyo na mfupa. Utahitaji gramu ngapi za mafuta, na gramu ngapi za chumvi?

Jibu la swali la tano: mafuta gramu 1,000 na chumvi gramu 60. Mengine yamo katika somo. Yasomeni pamoja katika kikundi chenu, mmoja akisoma kwa sauti, na wengine wakijibu.